Nikishindwa, Gemu Inanifanyia Nini?

Mdogo wangu akisikia nimeanza gemu mpya huuliza swali moja: "Dada, ni kali?" Kwake ukali ni picha, ukubwa wa ramani na idadi ya mabosi, yaani wale maadui wakubwa. Mimi nacheza usiku kazi zikishaisha, dakika 40 hivi nikijaliwa, na katika dakika hizo nina hakika ya jambo moja: nitashindwa. Nitaanguka shimoni, nitafungwa, nitakufa mara ishirini. Basi tabia ya gemu naijulia hapo. Nikishakufa inanirudisha wapi? Inaninyang'anya nini, na inaniachia nini? Kuna gemu nilizozifuta siku ya pili kwa sababu ya majibu ya maswali hayo tu, picha zake zikiwa nzuri ajabu.

Nianze na Celeste, maana ndiyo iliyonifundisha kuuliza. Ilitoka mwaka 2018, na mbegu yake ilikuwa gemu ndogo ambayo Maddy Thorson na Noel Berry waliitengeneza kwa siku nne. Msichana aitwaye Madeline anapanda mlima. Anaweza kuruka, kung'ang'ania ukuta, na kuchomoka hewani mara moja, basi. Nywele zake ni nyekundu. Akishachomoka zinageuka bluu, akikanyaga ardhi wekundu unarudi. Hakuna mstari wa nguvu pembeni ya skrini wala namba za kuhesabu. Unatazama nywele tu, unajua umebakiwa na nini. Hadi leo nikiona gemu imejaza skrini vipimo kila kona, nazikumbuka nywele zile.

Akigusa mwiba, Madeline anapasuka vidoti vya rangi, skrini inapepesa, na huyo yuko mwanzoni mwa chumba kilekile. Kidole chako hakijatoka hata kwenye kitufe. Vyumba vingi ni vidogo, vinaenea kwenye skrini moja, kwa hiyo ulichopoteza ni sekunde kumi. Hasira haipati nafasi ya kukaa. Mwisho wa kila sura unaonyeshwa umekufa mara ngapi, na mapema kabisa gemu imeshakuletea kadi inayokwambia ujivunie idadi hiyo, kwa kuwa kila kifo ni somo. Niliisoma kadi ile haraka nikadhani ni maneno ya kubembeleza. Nilipofika sura ya nne, nimekufa mara mia kadhaa, nikaamini.

Kuna huruma nyingine ambayo huioni kwa macho. Mguu ukishateleza ukingoni, kwa kitambo kifupi mno gemu bado inakubali uruke. Unahisi umewahi, kumbe umevumiliwa. Na aliyeelemewa kabisa anaweza kufungua mpangilio wa msaada, akapunguza kasi au akazuia kufa, bila kuchekwa wala kufungiwa mwisho wa hadithi. Mdogo wangu anasema huko ni kudanganya. Nimemwambia vidole vya watu havifanani, na mlima ni wa kila mtu.

Sitasahau kigari kile kinachoning'inia kwenye kamba. Kinakwama juu ya bonde, Madeline anashikwa na hofu, pumzi zinamwishia, na rafiki yake Theo anamwambia afikirie unyoya unaoelea mbele yake. Kazi yako wewe mchezaji ni kuuweka unyoya huo hewani taratibu, ukipanda na kushuka kwa kufuata pumzi yake. Hakuna adui hapo. Niliishia kupumua nao. Tangu siku hiyo, nikiwa na siku mbaya, hufumba macho nikauwazia unyoya ule.

Hollow Knight, gemu ya ulimwengu wa wadudu ya mwaka 2017, ina mkono mzito zaidi. Ukifa unaacha fedha zako zote pale ulipoangukia, na kivuli chako kinazilinda. Ni lazima urudi ukipige. Ukifa tena njiani, zimekwenda. Hata ramani hupewi hivihivi: unamtafuta Cornifer, mchoraji, kwa kusikiliza sauti yake akiimbaimba puani na kwa kufuata karatasi alizodondosha chini. Nikisikia ule mguno kwenye hedfoni, baada ya nusu saa ya kupotea gizani, moyo unatulia kabisa. Nampenda mdudu yule kuliko wahusika wengi wanaoongea kwa saa nzima.

Ninachoilaumu ni safari. Unaamka kwenye benchi ulilopumzikia mwisho, unatembea, unapanda, unakwepa wadudu walewale, unafika kwa bosi, unakufa ndani ya sekunde ishirini, unaanza tena kutembea. Hiyo si adhabu ya kosa nililofanya, ni muda wangu unaokatwa. Mabosi wenyewe sina neno nao. Wale mabwana watatu wa vunjajungu, kwa mfano: unapambana na mmoja, akishindwa wanashuka wawili kwa pamoja, na pambano ni safi, kila pigo linaonekana likija. Ukiwashinda wanakuinamia. Kisha ukitembea kijijini mwao, vunjajungu ambao dakika chache nyuma walikuwa wanakurukia nao wanakuinamia, na hawakugusi tena. Nilirudi mara tatu kutembea tu katikati yao. Heshima ya namna hiyo sijaipata kwenye gemu inayomwaga fataki na sarafu kila ninapofungua sanduku.

Kwenye suala la safari, Elden Ring (2022) imejirekebisha vizuri: karibu na mabosi wengi imeweka visanamu vya mawe vya kufufukia, unaamka hatua chache kutoka mlangoni. Pia inakufunza busara mapema. Unatoka nje mara ya kwanza, na mbele yako kuna askari wa dhahabu juu ya farasi. Anakuua. Anakuua tena. Baadaye unagundua kwamba njia haijazibwa, unaweza kumzunguka ukaenda zako na kurudi siku umekomaa. Mdogo wangu alikaa naye jioni mbili kwa ubishi. Mimi nilizunguka. Hata hivyo gemu hii si ya dakika 40, ni ya mtu mwenye mwisho wa wiki mzima, na nimeiacha katikati bila kinyongo.

Stardew Valley, gemu ya ukulima, najua inapendwa, na mimi naipenda pia. Eric Barone aliichora, akaiandika, akatunga na muziki wake peke yake kwa zaidi ya miaka minne hadi ilipotoka mwaka 2016, na ukiicheza unahisi ni mkono mmoja. Ila watu huiita gemu ya kupumzika, na mimi sikubaliani. Saa ya pale juu inakimbia. Ikifika saa nane usiku hujalala, unazimia ulipo, na kuna fedha zinazokutoka. Msimu una siku 28. Ukipanda kwa kuchelewa, asubuhi ya msimu mpya shamba lako lote limenyauka. Na haisevu mpaka ulale. Usiku ambao usingizi wa kweli umenishika, hilo la mwisho ndilo linalonifanya nichague kitu kingine. Anayetaka kuifurahia aache kuhesabu faida: apande kidogo, avue samaki, aongee na watu wa mjini. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliuendesha kama kiwanda, na sikumjua jirani hata mmoja.

Kuna gemu moja ya simu ambayo jina lake nitaliacha. Inakupa mioyo mitano. Ukikosea unapoteza moyo, na mitano ikiisha unasubiri au unalipa. Nilikuwa naicheza kila siku, na hatua zake ni za akili kweli, aliyezibuni ana kipaji. Lakini siku moja niligundua kwamba nimeacha kujaribu mbinu mpya. Kila hatua nachagua njia ya woga kwa sababu ya kulinda mioyo. Gemu inayonifanya niogope kujaribu imenipokonya kitu kikubwa kuliko hela. Niliifuta nikiwa hatua ya 212, na namba hiyo naikumbuka kwa uchungu.

Mpira, EA Sports FC, sichezi peke yangu. Ni ya kukaa wawili kwenye kochi, bega kwa bega, na kufungwa na mtu unayesikia anavyocheka. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Tetris, ambayo Alexey Pajitnov aliibuni Moscow mwaka 1984, naiweka juu sana. Vipande vya maumbo saba vinavyodondoka uvipange, shimo la upana wa miraba kumi, na hakuna kushinda. Kosa lako halifutwi: umeweka kipande vibaya, tundu linabaki pale chini, unaliona kila sekunde, na unaweza kulifukua ukiwa na subira. Toleo la zamani la Nintendo watu waliamini kwa miaka mingi kwamba hatua ya 29 ndiyo mwisho, kwa kuwa vipande vinashuka kasi kuliko kidole. Kisha vijana wakabuni njia mpya za kubonyeza, na Desemba 2023 mtoto wa miaka 13 akafika hatua ya 157, gemu ikaganda yenyewe. Nilipoiona ile video, mikono yake ikitetemeka, nililia kidogo.

Iliyobaki ni Outer Wilds, ya mwaka 2019, na kama una nafasi ya gemu moja tu, chukua hii. Unafumbua macho kando ya moto, unatazama nyota, una chombo chako cha angani na sayari chache za kutembelea. Baada ya dakika 22 jua linavimba, linasinyaa, linalipuka. Unafumbua macho kando ya moto. Huna silaha mpya wala fedha. Ulichotoka nacho ni ulichokijua tu, na kompyuta ya chombo inakutunzia kumbukumbu za ulichokiona. Wakati wote huo sayari zinaendelea na mambo yake, uwepo usiwepo. Kuna moja inayobomoka vipande vipande kwa sababu mwezi wake unaitemea volkano. Kuna mbili pacha, mchanga wa moja ukimiminika juu ya nyingine kama bomba, na mapango yanajaa taratibu.

Ndani ya mapango hayo nilikutwa na mchanga. Unasikia sauti yake kwanza, mchakacho mwembamba, kisha sakafu inapanda na dari inakaribia, na taa yako inamulika njia inayozidi kuwa nyembamba. Nilibanwa mara mbili. Mara ya tatu niliwahi, nikakuta maandishi ya watoto wa kale ukutani, wameandika kanuni za mchezo wao wa kujificha. Niliyasoma nikitabasamu, halafu nikanyamaza, kwa sababu kanuni moja ilikuwa inaeleza kitu kilichonimaliza mara nne kwenye sayari nyingine kabisa. Hakuna kitufe kilichofunguka. Mimi ndiye niliyefunguka. Nikarusha chombo kwenda kule usiku uleule, dakika 22 zikinikimbiza, nikapita.

Nimempa mdogo wangu pedi ya kuchezea Outer Wilds wiki hii. Jua lilipomlipukia mara ya kwanza aliganda, muziki ukiisha polepole, na sikumwambia neno. Jana nimemkuta na daftari, amechora sayari zote na mishale, ukurasa umejaa. Nikasogea nione. Akalifunika kwa mkono.

"Dada, usiniambie kitu."