Saa tatu maji yatakuwa wapi? Uzoefu wangu wa kutazama ndege Mida Creek

Nimejizuia kuandika haya wiki kadhaa kwa sababu baba alinikataza. Alisema yaliyopita si ndwele. Lakini juzi shemeji yangu ameniomba namba ya yule kijana aliyetuongoza kutazama ndege, anataka kupeleka wageni wake, na moyo umenipanda upya. Nayasema yote, kisha kila mtu aamue na pesa yake.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwanzo mwanzo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, lilikuwa limelegea, bahari imeanza kutulia, na huo ndio wakati ndege wa pwani wanaokimbia baridi ya kaskazini wanaanza kuingia Mida, pale karibu na Watamu. Baba yangu alivua samaki zaidi ya miaka arubaini. Miaka ya karibuni macho yalimfunga, akawa anatambua watu kwa sauti. Mwaka huu ametolewa mtoto wa jicho, la kulia kisha la kushoto, na siku ya kwanza alipofunguliwa bendeji alikaa kibarazani akitusomea maandishi ya matatu zinazopita barabarani. Nikasema mzee huyu lazima nimpeleke mahali akatazame mbali hadi ashibe. Nikatafuta matembezi ya kutazama ndege, nikaulizia kwa watu, nikapewa namba ya mwongozaji anayefanya kazi na watalii upande wa Watamu. Sitamtaja yeye wala anaofanya nao kazi. Bei pia sisemi. Nililipa yote, kwa watu wawili, siku tatu kabla.

Kijana akaniandikia: tukutane saa tatu asubuhi, mkishakunywa chai.

Nilipomwambia baba aliuliza swali moja tu: "Saa tatu? Maji yatakuwa wapi saa tatu?"

Nikamjibu kwamba huyu ndiye kazi yake, anajua. Jibu hilo linaniuma hadi leo.

Kwa asiyekulia pwani nieleze kidogo, maana kisa chote kimo humu. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu yanakuja maji makubwa, bamvua, na pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Pwani ya Mombasa, Kilifi na Malindi, siku za bamvua maji yanapwa kabisa kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, na yanajaa kabisa kwenye saa kumi, saa kumi na moja jioni. Mvuvi hahitaji jedwali kwa hilo, anatazama mwezi usiku na asubuhi anajua. Sasa Mida maji yakipwa, tope linafunguka eneo kubwa ajabu, na ndege wanatawanyika humo wanakotaka, maana kaa na minyoo wako kila mahali. Ukisimama ukingoni unaona nukta. Maji yakianza kurudi, yanawanyang'anya uwanja hatua kwa hatua, nao wanarudi nyuma, wanasogea, wanabanana, mpaka wanakujia wenyewe kwenye mikoko ulikokaa. Hiyo ndiyo siri yote ya kutazama ndege wa tope, na wala si siri.

Siku tuliyopangiwa, mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia juzi yake. Yaani bamvua.

Tulifika mapema. Kijana akaja na wageni wawili, mume na mke, watu wazima wa Ulaya, wapole kabisa, sina neno nao. Wala sikuambiwa kwamba tutachanganywa, lakini hilo nalisamehe. Tulipanda lile daraja la mbao lililoning'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko, linayumba ukikanyaga, baba akafurahi kama yumo chomboni. Watu wa pale darajani walitupokea vizuri, walimshika mzee mkono. Ubaya ninaousema si wao.

Tulipotokea kwenye kibanda cha mwisho, maji yalikuwa yanakimbia kwenda zake. Tope limeachwa tupu hadi macho yanapoishia, jua limetukabili usoni, na ndege wote wako kule, mbali, kama chumvi iliyomwagwa juu ya meza.

Kijana akasimamisha darubini yake kubwa ya miguu mitatu na kuanza kazi. Na hapa lazima nimpe haki yake, ana macho. Ana na masikio pia. Mlio mmoja tu kwa mbali, anakwambia sululu, na kweli baada ya muda sululu anapita na mdomo wake uliopinda chini. Aliwaonyesha wale wageni kundi la vitwitwi, ndege wadogo wa tope, na akaeleza jambo ambalo sikulijua: kwamba wenye mabaka mekundu ya rangi ya tofali kifuani ni wakubwa, wametoka kuzalia kaskazini kabisa mwa Urusi, Siberia, na bado wamevaa nguo za arusi. Wakubwa wanatangulia. Watoto wanafuata baadaye, peke yao, safari wasiyowahi kuifanya, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Nilisisimka. Nilikuwa tayari kumpa nyota tano pale pale, na nukta zake za mbali.

Lakini kufika kama saa nne na nusu joto lilianza kutetemesha hewa juu ya tope. Kwenye darubini ndege wakawa wanacheza kama picha ndani ya maji. Mgeni mwanamke akauliza kwa adabu kama kuna mahali pa karibu zaidi. Kijana akasema hapa ndipo bora. Na baba, aliyekuwa kimya muda wote, mikono nyuma, akasogea akamwambia kwa upole, namkumbuka neno kwa neno: "Mwanangu, maji haya yapwa hata saa tano na nusu. Tukirudi baada ya adhuhuri, saa tisa hivi, hawa wote watakuwa hapa miguuni."

Kijana hakumgeukia. Aliendelea kuinamia darubini, akacheka, akasema, "Mzee, hapa tumekuja kutazama ndege, si kuvua samaki."

Kisha akawatafsiria wale wageni. Akawatafsiria! Wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua acheke au asicheke.

Baba akajibu, "Haya, mwanangu." Akarudi nyuma hatua mbili, akavua ile darubini ndogo niliyomwazimia, akazungusha kamba yake vizuri na kunirudishia. Nilihisi damu imenipanda masikioni. Mtu ambaye maisha yake yote, na shule zetu, na nyumba tunayolala, vimetokana na kujua saa ya maji, anaambiwa na mtoto wa juzi kwamba maji si kazi yake. Na kwenye nini? Ndege wa pwani! Ndege anayefuata maji usiku na mchana, anayelala maji yakijaa na kula yakipwa hata kama ni usiku wa manane! Kama hujui maji, hao ndege unawajua nini? Majina?

Nilimwambia kijana, sikupaza sauti, kwamba huyo ni baba yangu na alichosema ni kweli. Akaniambia, "Sister, ratiba ni ratiba, nina kundi lingine jioni." Hapo ndipo nilipoelewa. Ile saa tatu haikupangwa na mwezi wala maji. Imepangwa na chai ya hotelini. Na yawezekana kabisa anajua maji vizuri, pengine kundi la jioni ndilo lililouziwa ndege wa karibu, sisi tukauziwa nukta. Sijui lipi baya zaidi, asijue au ajue.

Saa tano na dakika chache alikunja miguu ya darubini, akaaga, akaondoka na wageni wake.

Sisi hatukuondoka. Baba alisema njaa inamuuma, tukakaa chini ya mti tukala mahamri na mbaazi nilizofunga, akatandika kikoi akalala. Mimi sikulala, nilikuwa nachemka. Saa nane akaamka mwenyewe, akatazama kule, akasema, "Yaja." Nikalipa kiingilio cha daraja mara ya pili na ningelipa hata ya tatu.

Yaliyofuata nashindwa kuyaweka kwa mpangilio. Maji yalikuja kwanza kwenye vijito, kimya, kama mafuta yanayomwagika. Kisha mbele ya maji wakaja ndege wakitembea. Wanatembea! Vitwitwi mamia, wakidona, wakikimbia, wakiinuka pamoja na kugeuka, upande wakang'aa weupe, upande wakapotea. Wakafuata sululu. Na kando, kwa mwendo wa wenyeji wasio na haraka, wale wakubwa weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi kama koleo. Mla kaa. Asubuhi kijana alituonyesha "vile vyeupe kule". Sasa walikuwa hatua thelathini kutoka kibandani na sikuhitaji darubini.

Baba ndiye aliyemwona yule mdogo. Nyuma ya mmoja wa wakubwa alikuwapo mwingine wa rangi ya kijivu kijivu, karibu kimo kimoja, anamfuata kila anapokwenda. Mkubwa anakimbia, anasimama, anachoma tope, anatoka na kaa. Mdogo anainama, anashusha kichwa, anapiga mbinja nyembamba za kulalamika. Mkubwa akamtikisa yule kaa mpaka miguu ikamwagika, akaweka mdomo chini, na mdogo akamchukua.

"Yuwadeka," baba akasema. "Jitu zima hilo, yuwadeka."

Nilikuwa nimesoma usiku wake, nikamweleza: ndege hawa wanazalia kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Wanachimba shimo ndani ya mchanga, jambo ambalo ndege wa ukoo wao hawafanyi, na mle ndani wanataga yai jeupe, mara nyingi moja tu. Mtoto akikua wanasafiri naye hadi huku, na huku bado wanamlisha. Baba alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza, "Waja mwezi huu?" Nikasema wanaanza wa nane. Akahesabu kwa vidole. "Basi waja kabla ya majahazi. Majahazi ya Oman yakingoja kaskazi liyasukume. Hawa waja na kusi usoni. Na mtoto nyuma."

Alisimama pale mpaka maji yakafika chini ya mbao za kibanda, kumi na moja kasorobo hivi, na ndege wakahamia kulala upande wa pili. Macho yalikuwa yanamtoka machozi. Alisema ni upepo.

Na kijana wetu? Hatukumwona tena pale jioni hiyo, kundi lake alilipeleka kwingine. Usiku akanitumia orodha ya ndege "tuliowaona pamoja", ishirini na kitu, imeandikwa vizuri, na mla kaa yumo. Nikajibu kwamba nangoja amwombe baba radhi. Akatuma picha ya mikono iliyounganishwa na neno pole. Pole ya nini, hakusema, na kwa baba hakupiga simu mpaka leo.

Basi hukumu. Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota moja kichwani. Nilipofika kwenye vile vitwitwi vya Siberia niliona si haki, kijana amesoma, anapenda kazi yake, ukimsikiliza dakika kumi unatoka na jambo la kukumbuka mwaka mzima, na vijana wa namna hiyo kwetu si wengi. Nikasema tatu. Lakini nimeliandika tena lile neno la kuvua samaki na mkono umenitetemeka. Hapana. Mteja alilipa. Mteja alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, alimpa mtu maarifa bure, akarudishiwa kicheko mbele ya wageni. Kwa hilo sina nyota.

Shemeji, namba nitakupa. Nenda naye ukitaka, macho anayo. Lakini mwezi utazame mwenyewe, na saa umpangie wewe, na akikataa tafuta mwingine.

Baba hajaniambia kwamba anataka kurudi. Ila jana jioni alikuwa kibarazani anatazama mwezi mwembamba uliotoka kuandama, akasema kama anayesema peke yake kwamba kesho kutwa maji ni ya saa kumi na moja, na kwamba mtu akitoka Mombasa baada ya adhuhuri anachelewa. Nimeshaomba ruhusa kazini.