Bonde la Rufiji: ramani ya zamani au picha ya setilaiti?

Kujua mto umehamia wapi leo, fungua picha ya setilaiti. Hapo haina mpinzani. Lakini ukitafuta watu waliishi wapi, mimi nachukua ramani ya zamani ya skeli ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1. Kuanzia 1968 wakulima wengi wa Rufiji waliondolewa bondeni, wakapelekwa vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Ramani iliyotokana na picha za ndege za kabla ya hapo ni hazina: vitone vya nyumba zilizotawanyika kando ya maji, njia za miguu, majina ya vitongoji. Setilaiti huonyesha mashamba na vichaka, bila jina hata moja. Ila kwa mafuriko ramani haitoshi, maana bonde ni tambarare na kontua zake, yaani mistari ya kuonyesha mwinuko wa ardhi, ni chache mno.