Betri ya trela la zamani: ipi ununue, ipi uiache

Ukishaziba paa la trela la kuishi na kung'oa mbao zilizooza, kitu kitakachokusumbua kuliko vyote ni betri. Hiyo ndiyo itakayoamua kama friji itafika alfajiri ikiwa bado inafanya kazi.

Piga hesabu kwanza. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 hula kama Ah (amp-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) 30 hadi 50 kwa siku, na joto likipanda hula zaidi. Ongeza taa, pampu ya maji na simu, unakaribia 60. Sasa, betri ya asidi iliyoandikwa Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu, maana yake umenunua 50. Lithiamu ya Ah 100 inakupa 80 au zaidi bila kuumia. Usilinganishe bei kabla ya kulinganisha hilo.

1. Lithiamu (LiFePO4). Kwa anayeishi ndani ya trela, naiweka mbele bila kusita. Ya Ah 100 ina kilo 12 hivi. Ya asidi ya ukubwa huohuo inakaribia 30, na fremu ya trela kuukuu haitaki mzigo wa bure. Inachajiwa na kutumika maelfu ya mara, wakati ya asidi huhesabiwa kwa mamia. Pesa ikitosha moja tu, chukua hiyo.

Ila ina masharti. Isichajiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Chaja iliyokuja na trela nayo huenda isifae: nyingi za zamani hutoa volti 13.6 hivi, na lithiamu hutaka kati ya 14.2 na 14.6 ili ijae vizuri. Tena usiiunge moja kwa moja na alteneta ya gari linalovuta, kwa sababu hunyonya umeme mwingi kwa mfululizo hadi alteneta ichemke na kuungua. Weka chaja ya DC-DC katikati ya betri ya gari na betri ya trela, na gharama yake iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

2. AGM, aina ya betri ya asidi. Imefungwa, haimwagiki, haiongezwi maji, na haisumbui sana kwenye chaja ya zamani. Kwa safari za siku mbili tatu inatosha kabisa. Tatizo ni uzito.

3. Betri ya maji ya sola. Ndiyo nafuu, na ukiitunza inatumika vizuri. Lakini inapochaji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Nilifunua ubao chini ya kitanda cha trela langu nikakuta sakafu nyeusi, laini, kidole kinazama, na bolti zimeliwa na asidi hadi zimebaki kama misumari. Mwenye trela wa kwanza aliiweka pale betri ya aina hii bila kasha, asidi ikavuja. Iweke ndani ya kasha lenye bomba la kutoa hewa nje, na uongeze maji yaliyotoneshwa, si ya bomba.

4. Betri ya kuwashia gari. Iache. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache. Ukiimaliza chaji mara kadhaa tu, imekufa.

Yoyote utakayochagua, nunua siku hiyohiyo fyuzi kubwa ya kukaa kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Nyaya za zamani zimejificha nyuma ya kuta za mbao, na zikianza kuungua hutaziona mapema.