Modi za osu!: ipi inafundisha na ipi inagawa alama tu

Nianze na hukumu, maana najua wengine mtasoma aya hii moja kisha mrudi kucheza. Modi za ugumu kwenye osu! zinajenga ustadi kweli, ila zinazojenga zaidi si zile zinazolipa zaidi. Iliyonifaa mimi kuliko zote inaitwa Easy. Cheka kwanza, nakusubiri.

Kwa asiyeijua, osu! ni gemu ya bure ya midundo iliyotolewa mwaka 2007 na Dean Herbert, ambaye wachezaji wanamjua kwa jina la peppy. Maduara yanajitokeza kwenye skrini, kila moja likizungukwa na pete inayosinyaa. Pete ikikutana na duara, unagonga. Kila ramani ya wimbo ina namba zake nne: ukubwa wa maduara, muda yanaoonekana kabla ya kugongwa, ukali wa kupima wakati, na jinsi uhai wako unavyopungua. Namba ikipanda ugumu unapanda: maduara yanasinyaa na muda wa kuyaona unafupika. Modi ni swichi za kuzichezea namba hizo, au kukuficha kitu, huku ramani yenyewe ikibaki ileile. Na mimi ni mtu wa vidole vyepesi na macho mazito. Vitufe vya Z na X, vya kugongea maduara, navigonga kwa kasi bila taabu, mkono wa kalamu ya tableti nao si haba. Ninachokwama ni kuliona duara la nne wakati bado nahangaika na la kwanza. Soma tathmini hii ukijua hivyo, kwani mwenye macho mepesi na vidole vizito atatoka na majibu mengine.

Hard Rock ndiyo inayopendwa na wanaotaka kuonekana wagumu. Inazidisha namba ya ukubwa kwa 1.3, nyingine tatu kwa 1.4 bila kuvuka 10, kisha inaipindua ramani, juu kukawa chini. Chukua ramani yenye ukubwa 4, kuonekana 9 na ukali wa wakati 8. Bila modi, duara linajitokeza milisekunde 600 kabla ya kugongwa, na ili upate alama 300 kamili za duara hilo unaruhusiwa kuwahi au kuchelewa kwa milisekunde 32. Ukiwasha Hard Rock, 600 zinashuka hadi 450, 32 zinashuka hadi 20, na maduara yenyewe yanasinyaa. Haya, umekosa. Kilichokosa ni jicho, mkono au kidole? Huwezi kujua, kwa sababu vyote vimebanwa kwa wakati mmoja. Ukiwa tayari unapata asilimia 98 kwenye ramani ileile bila modi, Hard Rock ni kipimo kizuri cha usahihi. Chini ya hapo unajichosha. Kitu kimoja naisifu bila masharti: huko kupindua. Ramani uliyoikariri inakuja kichwa chini, na unagundua ni kiasi gani ulikuwa unaisoma na ni kiasi gani ulikuwa unaikumbuka tu.

Double Time ndiyo ugonjwa wa mdogo wangu. Kila ramani anaipandisha kasi mara 1.5, kwa hiyo mapigo 180 kwa dakika yanakuwa 270, na zile milisekunde 600 za kuliona duara zinabaki 400, pungufu hata ya Hard Rock. "Kaka, ukizoea DT, nyimbo za kawaida unaona kama zimelala," huwa ananiambia. Hakosei sana. Jicho lililozoea 400 likipewa 600 linastarehe, na mimi mwenye macho mazito nimeliona hilo likinitokea. Tatizo ni aina ya ramani zinazovumilia Double Time. Mara nyingi ni zile zilizochorwa kwa wepesi, maduara mawili matatu, kuruka hapa kuruka pale. Ukizikimbiza unapata kasi nyingi juu ya mipangilio michache. Nikampa ramani ya mapigo 200 isiyo na modi yoyote, yenye mifululizo mirefu ya maduara yaliyobanana na kujipinda kila upande. Vidole vyake vilikuwa na kasi ya kutosha na ziada, lakini havikujua vielekee wapi. Aliiacha katikati akasema imechorwa vibaya.

Sasa angalia gemu inavyolipa. Katika mfumo wa zamani wa alama, Hidden na Hard Rock zinazidisha alama zako kwa 1.06, Double Time na Flashlight kwa 1.12 (Hidden na Flashlight nazifikia hapo chini). Easy inazikata hadi 0.50. No Fail, inayokuruhusu kufika mwisho wa wimbo hata uhai ukiisha, nayo 0.50. Half Time, inayopunguza kasi hadi robo tatu, inakuachia 0.30. Kama mashindano, sawa kabisa, aliyefanya kigumu apewe zaidi. Kama mazoezi, hesabu hiyo inakufukuza kwenye modi ambazo mwanafunzi anazihitaji. Mpangilio usiouelewa utauelewa upesi zaidi ukiupunguzia kasi hadi robo tatu kuliko kuufia mara kwa mara kwa kasi kamili, lakini nani atake 0.30 mbele ya jina lake?

Basi, Easy. Inagawa namba zote nne kwa mbili. Maduara yanakuwa makubwa, kipimo cha wakati kinalegea, na ukifa unapewa uhai wa ziada mara mbili. Mpaka hapo ni ya watoto. Ila namba ya kuonekana nayo imegawanywa: 9 imekuwa 4.5, na duara lililokuwa linajitokeza milisekunde 600 kabla sasa linajitokeza 1260 kabla. Muda ni zaidi ya mara mbili, wimbo ni uleule, kwa hiyo skrini ina maduara zaidi ya mara mbili kwa wakati mmoja, mengine yamelaliana kabisa. Hapo kasi ya vidole haikusaidii. Unalazimika kujua kipi kinatangulia kipi, kufuata pete badala ya duara, na kulishika pigo kwa sikio maana jicho limezidiwa. Nilipoanza nayo nilikuwa nakosa kwenye nyimbo ambazo bila modi ningezimaliza huku nazungumza na mtu. Baada ya muda niliporudi kwenye ramani za kawaida, yale makundi yaliyokuwa yananifunga macho yalianza kufunguka, nikawa naona mpangilio mzima badala ya duara mojamoja. Double Time haijawahi kunipa hilo.

Hidden iko karibu nayo. Inaondoa pete, na kila duara linafifia na kutoweka kabla ya wakati wake wa kugongwa kufika. Wengi huiogopa, kumbe ni ya haki: inabadilisha kitu kimoja tu. Ukubwa, kasi na kipimo cha wakati havijaguswa, kwa hiyo ukikosa unajua umekosa wapi. Inamlazimisha mtu ausikilize wimbo badala ya kusubiri pete imwambie. Ina hatari yake, kuna waliozoea Hidden hadi pete zikirudi zinawasumbua.

Flashlight sina mengi. Skrini ni giza isipokuwa eneo dogo kuzunguka kielekezi, na eneo hilo linapungua ukifikisha kombo, yaani mapigo mfululizo bila kukosa, ya 100, tena ikifika 200. Ni mtihani wa kukariri. Sudden Death inaufunga wimbo ukikosa mara moja, matokeo yake ni kwamba unakuwa bingwa wa sekunde thelathini za mwanzo na mgeni wa zilizobaki.

Tukitoka nje ya osu! kidogo, modi ninayoionea wivu ni Random ya beatmania IIDX, gemu ya Konami iliyoanza mwaka 1999. Ina vitufe saba na sahani ya kuzungusha, na Random inazichanganya njia za vitufe saba kabla wimbo haujaanza. Mipangilio inayowezekana ni 5040. Midundo haijabadilika, wakati haujabadilika, lakini vidole havina pa kukariri. Wachezaji wa huko wanaiwasha makusudi ili mikono isijenge mazoea mabaya ya wimbo mmoja, na kwa maoni yangu hakuna modi iliyoelewa mazoezi vizuri kuliko hiyo. Beat Saber, kwa upande wake, ina hatua za kasi zinazoeleweka: asilimia 85, 120 na 150. Bado kutoka 120 hadi 150 ni ukuta.

Ndiyo maana toleo jipya la osu!, linaloitwa lazer, limenifanya nisamehe mengi. Double Time yake si swichi tena, unaweza kuchagua kasi kuanzia 1.01 hadi 2, na Half Time kuanzia 0.5 hadi 0.99. Kuna Mirror ya kupindua ramani bila kukubebesha mizigo mingine ya Hard Rock, na kuna Difficulty Adjust ambayo inakuruhusu kugusa namba moja na kuziacha tatu. Ningemwambia anayeanza apuuze orodha ya vinara kwa muda, achukue ramani anayoimaliza kwa asilimia 95 hivi, aipandishe hadi 1.05, na akishaizoea airudishe kwenye 1 na kushusha namba ya kuonekana peke yake, 9 iwe 8, kisha 7. Mdogo wangu amekubali kujaribu, ila anataka 1.4.