Mafuta ya nyonyo: yapi ununue kwanza, yapi uyaache dukani

Ukiomba mafuta ya nyonyo katika duka la vipodozi Kariakoo, au mafuta ya mbarika ukiwa Mombasa, muuzaji atakupangia chupa za kila namna: za njano iliyopauka, za kahawia, nyeusi tii, na zenye picha ya mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni. Bei zinapishana mno, na karibu zote zinaahidi kukuza nywele, kujaza nyusi na kuondoa mba. Acha kwanza hizo ahadi. Uliza mambo mawili: mbegu zilikamuliwaje, na wewe unayataka kwa kazi gani?

Mafuta haya yana nguvu yake halisi. Asilimia 85 hadi 90 yake ni asidi ya risinoleiki, na ndiyo inayoyafanya mazito na yenye kunata kuliko mafuta mengine ya mimea. Yakipakwa juu ya unyevu huuzuia usitoroke haraka. Kwa hiyo nywele kavu hulainika na hazikatiki ovyo, na visigino vilivyopasuka hupata nafuu. Hakuna ushahidi madhubuti kwamba yanaotesha nywele mpya. Nywele za kichwani hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi; nyonyo inakusaidia usiipoteze sentimita hiyo kwa kukatika. Faida hiyo inatosha kabisa kuyanunua.

Nafasi ya kwanza: yaliyokamuliwa bila moto

Kama unanunua chupa moja ya kutumiwa na nyumba nzima, chukua haya. Rangi yake ni njano hafifu, harufu ni ndogo, na ukiinamisha chupa hutiririka polepole. Kwenye orodha ya viambato liwepo jina moja tu, Ricinus communis, ambalo ni jina la kitaalamu la mnyonyo. Ukiona paraffinum liquidum imetangulia, hayo ni mafuta ya petroli yaliyotiwa nyonyo kidogo, rudisha. Tafuta pia tarehe ya kufungashwa na alama ya ubora, ya TBS kwa Tanzania au ya KEBS kwa Kenya. Tanzania ilihamishia usimamizi wa vipodozi TBS mwaka 2019, kwa hiyo chupa isiyo na alama yoyote haina sababu ya kuwa rafuni. Wengine huyakwepa wakiona yametoka India. Hakuna kasoro hapo: India ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na sehemu kubwa ya zao hilo hutoka jimbo la Gujarat.

Nafasi ya pili: ya kupikwa kienyeji, kwa mtu unayemjua

Haya ndiyo ninayoyapenda zaidi kwa nywele ngumu za kipilipili, na yangekuwa ya kwanza kama kila mpishi angekuwa mwangalifu. Mbegu humenywa, hukaangwa kikaangoni hadi zibadilike rangi, hutwangwa kwenye kinu, kisha huchemshwa na maji mengi kwa saa kadhaa. Mafuta hupanda juu, yanaenguliwa kwa kijiko na kurudishwa jikoni kwenye sufuria nyingine ili maji yaliyobaki yakauke. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayotenganisha mpishi hodari na mvivu. Maji yakibaki, chupa huanza kunuka uchachu baada ya muda mfupi. Kabla ya kulipa, simamisha chupa kwenye mwanga: ukiona mstari wa maji chini au povu linalong'ang'ania, muulize mama yule kama ana nyingine.

Mwulize pia mbegu zake. Nyonyo ina mbegu zenye madoadoa zinazong'aa. Mbono kaburi, ambao ni mmea mwingine, ina mbegu nyeusi. Watu huzichanganya, na mafuta ya mbono kaburi ni ya sabuni na taa, yanaweza kuwasha ngozi vibaya. Na kama utataka kupika mwenyewe, kumbuka kuwa mbegu ya nyonyo ina sumu iitwayo risini, ambayo inaweza kuua mtoto aliyezitafuna. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta, hubaki kwenye mashudu. Usiwape kuku wala mbuzi mashudu hayo. Zuia watoto wasikaribie mahali pa kumenyea, na kinu kioshwe vizuri kabla ya kurudi kwenye chakula.

Nafasi ya tatu: ya duka la dawa

Yamesafishwa hadi karibu kupoteza rangi na harufu. Mwenye ngozi inayochukia vitu, au anayetaka kupaka nyusi na midomo, aanzie hapa. Kwa nywele yanafanya kazi vilevile, na mara nyingi bei yake kwa mililita ni ya chini kuliko ya chupa zenye picha nzuri. Nimeyashusha hadi hapa kwa kuwa hayapatikani kila duka.

Nafasi ya nne: meusi ya Jamaika

Dada wengi wananiuliza kuhusu haya. Asili yake ni maarifa ya Waafrika waliopelekwa Karibiani utumwani, na utengenezaji wake ni ndugu wa ule wa kienyeji niliousimulia: kukaanga, kutwanga, kuchemsha. Weusi hutoka kwenye mbegu zilizoungua na majivu yake. Ni mafuta mazuri, lakini weusi peke yake si ushahidi wa ubora, na mengi yanayouzwa kwa jina hilo yametiwa manukato na mafuta mengine. Kama kwenu kuna mama anayepika vizuri, sioni sababu ya kulipia usafiri wa baharini.

Krimu na mafuta ya nywele yaliyoandikwa "yenye nyonyo" nayaweka mwisho, kwa sababu nyonyo humo huwa ya tano au ya sita kwenye orodha. Chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa mafuta, bila lebo, kwa muuzaji anayepita, usinunue kwa bei yoyote.

Ukishafika nyumbani na bado una shaka, kuna kipimo rahisi. Nyonyo huyeyuka katika spiriti kali, jambo ambalo mafuta mengi ya kupikia na ya petroli hayafanyi. Chukua spiriti ya asilimia 90 au zaidi, tia sehemu nne kwenye kikombe cha kioo, ongeza sehemu moja ya mafuta, tikisa. Halisi yatachanganyika na kuwa maangavu. Yaliyochakachuliwa yataleta ukungu au kujitenga. Kitakasa mikono cha asilimia 70 hakifai kwa kipimo hiki. Fanya mbali na moto.

Katika kutumia, kosa la kawaida ni kuyapaka mengi yakiwa matupu. Changanya sehemu moja ya nyonyo na mbili za mafuta ya nazi, upake kwenye nywele zenye unyevu, hasa ncha. Usizirundike na kuzisugua ukiwa unaosha, maana nywele zikishikana kwa mafuta mazito zinaweza kujisokota zisifumuke tena. Jaribu tone moja ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima kabla ya kupaka usoni. Visigino vipakwe usiku baada ya kuloweka miguu, kisha vaa soksi.

Wazee wengi wanakumbuka kijiko cha nyonyo cha kusafishia tumbo. Ni kweli yanaharisha, ndani ya saa chache, na hospitali zimeyatumia kwa kazi hiyo. Lakini chupa ya vipodozi si ya kunywa. Mjamzito asinywe kabisa, kwa sababu yanaamsha misuli ya tumbo la uzazi pamoja na ya utumbo. Mama akishauriwa kunywa ili uchungu uanze, amwendee mkunga kwanza. Mtoto mchanga asinyweshwe, na kitovu chake kisipakwe. Kinahitaji kuwa kisafi na kikavu. Usidondoshe machoni hata kama umesikia kuna matone ya macho yenye nyonyo, kwa kuwa hayo hutengenezwa yakiwa yametakaswa vijidudu na chupa yako haikutakaswa.

Kwa mtu mmoja chupa ya mililita 100 inatosha miezi mingi, hivyo ndoo ya lita moja ya bei nafuu itaharibika kabla hujafika katikati, isipokuwa mna saluni. Nunua ya kioo cha kahawia ukiipata, iweke kabatini mbali na jiko, andika tarehe uliyoifungua, na ukishapitisha mwaka inuse: ikichoma pua, tupa.