Swichi ya shilingi 2,000: taa sawa, pangaboi hapana

Namaanisha zile swichi nyeupe za vitufe viwili, hazina jina la maana, zimejaa kila duka la vifaa vya umeme. Yangu ilifungwa sebuleni, kitufe kimoja taa, kingine pangaboi. Upande wa taa sina neno. Wa pangaboi ndio ulioleta vituko: linakata lenyewe, ukigonga kifuniko linarudi. Baadaye ikaanza kuchachatika kama mafuta ya kukaangia, na harufu ya plastiki inayoungua.

Jirani akasema ni kapasita, kile kifaa kinachosaidia mota ya pangaboi kuzunguka. Sikukubali, kwa sababu kapasita ikichoka pangaboi huzunguka kivivu au hunguruma tu bila kuzunguka. Hili la kufufuka kwa kugonga kifuniko ni la swichi.

Nilizima breka ya laini hiyo kwenye boksi la umeme, maana ukizima kitufe tu, waya wa moto unaoingia kwenye swichi bado una umeme. Tesa (bisibisi ya kupimia umeme) niliijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, kisha pale kwenye swichi. Kufungua tu, ganda la waya limegeuka kahawia, shaba nyeusi tii, na skrubu inazunguka kwa vidole, haikazi. Uzi wa skrubu ndani ulishalika. Waya ukilegea hivyo, cheche zinaruka, joto linapanda, plastiki inayeyuka.

Nilikata ncha iliyoungua, nikamenya upya, nikafunga swichi ya shilingi 7,000. Dukani nilikwenda na kisumaku cha spika mbovu, muuzaji akacheka sana. Lakini vishikio vya waya vya swichi ya zamani vilinasa sumaku; vya hii havikunasa, ni shaba nyeupe au njano sijali, ilimradi si chuma cha bati. (Skrubu zikinasa si tatizo.) Mgongoni imeandikwa 10A 250V (mwisho wa mkondo na volti inazostahimili), na alama za COM, L1 na L2, yaani sehemu za kufungia waya, zinasomeka. Hata mkononi ina uzito.

Kasoro yake ni kitufe: kigumu, na usiku kinalia "ta!" mpaka mtoto anashtuka. Mama watoto ameshalalamika.

Ile ya bei poa naipa nyota mbili. Chooni ipo nyingine ya aina hiyohiyo, inawasha taa moja ya LED, nimeikaza skrubu nikaiacha. Kwa pangaboi, pasi au friji sitaiweka tena.