Sosi na viungo vya kulowekea nyama: kipi kinunuliwe kwanza

Karibu kila chupa kwenye rafu ya sosi huahidi nyama laini iliyokolea ladha hadi mfupani. Ukweli ni kwamba chumvi ndiyo hupenya vizuri, ilhali kitunguu saumu, pilipili na majani ya kunukia hubaki karibu na uso wa nyama hata ikilowekwa usiku kucha. Kwa hiyo nimezipanga bidhaa hizi kwa kipimo kimoja: chupa inafanya nini ambacho chumvi, mafuta na viungo vilivyomo jikoni haviwezi kufanya?

Nafasi ya kwanza naipa sosi ya soya iliyochachushwa. Chumvi yake huingia ndani ya nyama, na kule kuchachuka kwa soya na ngano huzaa glutamati, ambayo huipa nyama ladha nzito ambayo ni vigumu kuipata kwa njia nyingine. Soma lebo: maji, soya, ngano na chumvi vinatosha. Ukikuta protini ya mimea iliyovunjwavunjwa pamoja na rangi ya karameli, hiyo ni sosi ya haraka, chumvi yake ni kali na nyuma yake hakuna kitu. Kijiko kimoja cha chakula hubeba takriban miligramu 900 za sodiamu, hivyo nyama iliyolowekwa humo haihitaji kuongezwa chumvi.

Ya pili ni mchanganyiko wenye mtindi, hasa kwa kuku na kondoo. Asidi yake ni ya upole kuliko ya siki, kwa hiyo huvumilia saa nyingi bila kuiharibu nyama, na sukari ya maziwa husaidia uso kupata rangi nzuri ya kahawia. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kikubwa kikitangulia. Mtindi ukitajwa baada ya wanga na mafuta, rudisha chupa hiyo ulipoitoa.

Viungo vikavu vya kupaka vinafuata. Hulipii maji, navyo hukaa muda mrefu kabatini, ila chumvi ikitangulia kwenye orodha ya viambato ujue unanunua chumvi kwa bei ya viungo.

Michanganyiko ya siki au limau naiweka ya nne. Vipande vyembamba hutosheka kwa nusu saa hadi saa mbili. Zaidi ya hapo uso wa nyama hugeuka kuwa mlaini wa ungaunga, na sufuria ya alumini isiyopakwa kitu huweza kuacha ladha ya chuma.

Sosi tamu ya nyanya ya kuchomea iko ya tano, si kwa ubaya wake bali kwa sababu wengi huinunua ili kulowekea. Sukari huanza kugeuka kahawia karibu nyuzi 160 za Selsiasi, na wavu ulio juu ya mkaa hupita joto hilo kwa urahisi, kwa hiyo nyama iliyopakwa mapema huwa nyeusi na chungu nje kabla ndani haijaiva. Ipake katika dakika 10 za mwisho, nayo itang'aa na kunata vizuri.

Mwisho kabisa ni unga wa kulainisha nyama wenye kimeng'enya cha papai. Niliwahi kuacha kifua cha kuku ndani yake tangu jioni, na asubuhi kidole kilizama kama kwenye uji ulioganda. Kwa nyama ngumu ya ng'ombe, nusu saa inatosha.

Usinunue chupa kubwa kabla ya kuijaribu ndogo. Sosi utakayopeleka mezani itenge mapema kwenye bakuli lake, maana ile iliyogusa nyama mbichi ni lazima ichemke sawasawa kabla ya kuliwa, na nyingi zenye mtindi hukatika zikichemshwa.